Mgeni Alikaa Kushoto

Sikio la kushoto la Bwana Unga lilikufa bila kuugua. Halikuuma, halikuwasha, halikutoa hata mlio wa kuaga. Asubuhi moja tu aligeuka kitandani, akalalia sikio la kulia, na dunia nzima ikanyamaza kama mtu amezima swichi. Alipogeuka tena, ikarudi. Akageuka, ikazima. Aliendelea na mchezo huo mpaka mkewe akamuuliza kama kuna kunguni. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La kwake lilikuwa halisikii dawa, wala jogoo, wala mvua juu ya bati.

Kilicholiua ni kazi. Bwana Unga alikuwa fundi wa mashine ya kusaga nafaka, na jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu kila jioni alirudi nyumbani mweupe kuanzia kope hadi kamba za viatu. Ujana wake wote alisimama mahali pamoja, mashine kushoto, wateja kulia. Mashine ilikula sikio la upande wake. Sikio la wateja lilibaki, ila nalo lilikuwa limepunguka, likifanya kazi nusu kama taa ya kibatari inayokaribia kuishiwa mafuta.

Kazini hakuna aliyejua, kwa sababu pale ndani hakuna anayemsikia mwenzake hata kama ana masikio ya sungura. Watu huzungumza kwa vidole: ukisugua kidole gumba na cha shahada unataka unga laini, ukikunja ngumi unataka wa chengachenga. Beringi ikitaka kuvunjika, Bwana Unga aliijua kwa kiganja, akikiweka juu ya chuma kama mama anayepima homa. Shida ilikuwa nyumbani. Nyumba yao ilitazamana na barabara, jirani wa kulia anachomelea mageti, jirani wa kushoto ana redio ambayo haijawahi kupumzika tangu inunuliwe. Katika makelele hayo, sikio lake nusu lilikuwa kama chekeche lililotoboka: kelele zilibaki zote, maneno yakapita.

Basi akajitafutia ujanja. Mtu akimwambia jambo asilolisikia, alijibu, "Ndivyo dunia ilivyo," na ajabu ya jibu hilo ni kwamba linafaa karibu kila mahali, kwa msiba, kwa bei ya sukari, na kwa mtoto aliyefeli hesabu. Watu wakicheka alicheka, akichelewa kidogo tu. Zaidi ya yote akageuka msemaji. Mwanamume aliyekuwa mkimya ujanani sasa alishika usukani wa kila mazungumzo, maana aligundua mapema kwamba mtu anayesema haulizwi kama anasikia.

Kwa nini asiseme tu? Swali zuri, na jibu lake lilikuwa baba yake. Mzee huyo, seremala, alizibika masikio yote mawili uzeeni. Mwanzoni watu walimpigia kelele. Kisha wakachoka kupiga kelele. Mwisho wakawa wanamzungumzia mbele ya macho yake, amekula huyu, amelala huyu, huyu tumpeleke wapi, naye amekaa palepale akihamisha macho kutoka mdomo huu hadi mdomo ule, kama kabati ambalo watu wanajadiliana walisogeze ukuta gani. Hadithi hiyo Bwana Unga aliwahi kuianza mara kadhaa mbele ya mkewe na binti zake. Kila alipofika kwenye kabati, aliomba chai, hadithi ikaishia hapo.

Kilichomwokoa ni matembezi. Siku za mapumziko familia ilifungasha kikapu, ikatoka. Mara walikwenda kwenye bustani ya miti nyuma ya matangi ya maji, mara kwenye bwawa la bata, mara kwenye kipande cha ufuo kilichojificha nyuma ya miamba, ambako bahari hufika imechoka na kulala mchangani bila neno. Huko sikio lake nusu liligeuka zima. Huko alimsikia Kitinda, binti yake wa mwisho, mpaka herufi ya mwisho. Alimsikia binti yake mkubwa akisimulia mambo ya duka la dawa alikofanya kazi, wateja wanaotaka dawa ya kikohozi lakini hawataki kukohoa mbele ya watu. Alisikia utani wa mkewe, na mkewe alikuwa na utani mkali. Akirudi nyumbani alikuwa ameshiba kama mtu aliyetoka karamuni, na shibe hiyo ilimtosha mpaka siku nyingine ya mapumziko.

Hakuacha kushukuru. Kila mtu na bahati yake, alijiambia. Mimi nimepewa mke mpenda kimya. Mkewe alikuwa akifanya kazi katika chumba cha kufulia mashuka cha hospitali, katikati ya madude ya kufulia yanayonguruma kutwa, kwa hiyo ilimwingia akilini kwamba mwanamke huyo akipata nafasi atakimbilia mahali ambapo hata jani likianguka linaomba radhi. Tena mkewe alikuwa mchaguzi. Kuna fukwe nzuri watu wazima kwa watoto wanazigombea, yeye akazikataa kwa mkono. Kuna bustani yenye bembea na maua, akasema hapana. Bwana Unga aliona huo ni ukaidi wa kike usio na maelezo, akaufuata kwa heshima zote. Na kila walipofika, mkewe alitandika mkeka, akamwonyesha ukingo wa kushoto kabisa, akamwambia, "Kaa hapa." Wengine wote wakajipanga kulia kwake. Aliamini hicho ni kiti cha mwenye nyumba.

Sasa, siku tunayoizungumza, safari ilikuwa ya bwawani, na ilikuwa na mgeni.

Mgeni alikuwa fundi friji, kijana mwembamba mwenye sauti ndogo, kama mtu aliyezoea kutega sikio friji inavyopumua asije akaikatiza. Alifahamiana na binti mkubwa siku alipokwenda kutengeneza friji ya dukani, na friji hiyo, cha kushangaza, ikaendelea kuharibika kila baada ya muda mfupi. Katikati ya wiki mkewe alimketia Bwana Unga mkono wa kulia wakati wa chakula, akamweleza polepole kwamba kijana ana neno. Anataka kulisema mwenyewe, kwa mdomo wake. Lakini si hapa nyumbani, kwa kuwa ukuta wetu ni mwembamba na majirani watalijua jibu kabla yake.

Bwana Unga alijua ni neno gani. Hata Kitinda alijua, na bado alikuwa hajaota meno yote ya mbele.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Kijana hakuwa na tatizo; alimpenda, hasa kwa vile alikuja kila mara na mikono safi na akaondoka nayo imechafuka kwa kusaidia kitu. Aliogopa jambo moja tu. Aliogopa kwamba lile neno moja ambalo baba hulisubiri tangu mtoto akiwa wa kubebwa mgongoni litasemwa, na yeye hatalisikia. Kwa neno lile ujanja wake wote haukufaa kitu. Kijana akikuomba umpe mkono wa binti yako, huwezi kumjibu kwamba ndivyo dunia ilivyo. Bwana Unga aliomba tu siku hiyo bwawa liwe kimya.

Na lilikuwa kimya. Walifika jua likiwa bado pole, maji yametulia, bata wanateleza bila kuonekana wanapiga kasia. Upande wa pili wa bwawa kulikuwa na familia nyingine mbili tatu chini ya miti, mbali kiasi cha kuonekana kama vitambaa vilivyotandikwa nyasini. Bwana Unga alimsalimia mlinzi wa lango na akasikia kila neno la jibu lake, hata la kulalamikia goti. Moyo ukatulia. Leo, alijiambia, Mungu yuko upande wangu.

Mkeka ukatandikwa, akaonyeshwa ukingo wake wa kushoto, akaketi. Mayai ya kuchemsha, mkate, chupa ya chai na kikapu vikapangwa kulia kwake. Kisha mama na binti mkubwa, kwa ile hila ya wanawake ya kupotea kwa pamoja, wakakumbuka kwamba machungwa hayajaoshwa, wakaenda bombani. Kitinda akakimbilia viluwiluwi kwenye kona ya bwawa. Wanaume wakabaki wawili.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa adabu. Fundi friji alivua viatu akatazama mkeka. Upande wa kulia umejaa chai na mayai, na mgeni hawezi kusogeza chai ya watu. Kwa hiyo akaketi kwenye nyasi upande wa kushoto, hatua ya heshima kutoka kwa mzee. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, hakumkodolea macho mzee anayemtaka awe mkwe wake. Aliinamisha kichwa, akatazama magoti yake, akaanza kusema.

Alisema vizuri. Ushahidi wa hilo tunao kwake mwenyewe na kwa bata. Alisema wazazi wake ni watu gani na walimlea vipi. Alisema hana makuu, ana ufundi wake, ana afya yake, na anampenda binti wa watu kwa namna asiyoweza kuipima. Alisema kama kuna kosa amelifanya kwa kuchelewa kujitambulisha, asamehewe. Kisha akaomba.

Muda wote huo Bwana Unga alikuwa akitazama maji na kumsubiri aanze. Masikini kijana, aliwaza, ana haya, nisimharakishe. Akashusha pumzi. Akakuna kidevu. Akaanza hata kuvuma wimbo mdogo wa puani, ili kumwonyesha kwamba hapa ni nyumbani, aseme akiwa tayari. Kijana alipofika kwenye neno lenyewe, naomba, samaki akaruka katikati ya bwawa. Bwana Unga akasimama, akajipangusa suruali, akatembea hadi ukingoni kumwangalia samaki.

Kama kuna namna ya kumkataa mtu iliyo katili kuliko hiyo, mimi sijaiona.

Alipogeuka kurudi, nyasi za upande wa kushoto zilikuwa tupu. Kule bombani alimwona kijana amesimama na viatu mkononi, akisema kitu huku akitikisa kichwa. Alimwona binti yake mkubwa ameshika chungwa linalochuruzika maji, halafu mikono yake ikashuka yote miwili kama mtu aliyepokonywa mzigo. Mkewe aliweka kisu juu ya bomba. Wakarudi wote watatu, hakuna anayemtazama mwenzake.

Kijana alikuja mbele yake, akasimama uso kwa uso, na kwa sababu hiyo kila neno lilimfikia.

"Baba, nimekuelewa," alisema. "Sina kinyongo. Nashukuru kwa kunikaribisha. Naomba niondoke mapema."

Bwana Unga aliwatazama mmoja mmoja. Macho ya binti yake yalikuwa mekundu, lakini ajabu, hakumtazama baba yake kwa hasira. Alikuwa anamvuta kijana mkono, akimwambia kwa sauti ya chini kwamba baba hakukusudia, baba ana mawazo ya kazi, mashine inamsumbua, baba si mtu wa hivyo. Alikuwa akimtetea. Binti anapoteza mtu wake, na bado anatafuta kisingizio cha kumfunika baba.

Ndipo akaelewa kilichotokea. Neno limeshasemwa. Limesemwa, limekwisha, na yeye alikuwa akivuma wimbo.

Jibu lake la siku zote lilimjia mdomoni lenyewe, ndivyo dunia, akaling'ata. Mkewe alikuwa amesimama pembeni, anamtazama kwa jicho la kusubiri. Njia zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ni kubaki mzee mwenye kiburi, aliyemwacha kijana wa watu akisema peke yake: watamkasirikia, lakini watamhesabu kuwa mtu. Ya pili ilikuwa kusema. Akamwona baba yake kwenye kiti, macho yakihama mdomo hadi mdomo. Akamwona binti yake na lile chungwa. Mficha uchi hazai, alijiambia, na mimi nimeshazaa; ninamfichia nani?

"Njoo huku," alimwambia kijana, akamwonyesha upande wa kulia. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Sikukukataa. Sikukusikia. Sikio hili la kushoto limekufa, mwanangu, siku nyingi. Ulikuwa unabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu."

Akasubiri. Alisubiri mshangao, alisubiri mkono uende mdomoni, alisubiri ule uso wa huruma unaogeuza mtu kuwa kabati. Fundi friji ndiye pekee aliyeshangaa. Binti mkubwa alifumba macho akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeshikilia kitu kizito kwenye ngazi na hatimaye ameambiwa kiweke chini. Mkewe aliinama, akaanza kusogeza chupa ya chai na mayai kutoka upande wa kulia wa mkeka.

Kitinda, aliyekuja na viluwiluwi kwenye kikombe, hakuona kama kuna habari mpya.

"Si tunajua," alisema. "Ndiyo maana tunakaaga huku."

"Mnajua nini?"

"Hilo bovu, hilo zima nusu," alisema mtoto, akionyesha kwa kidole kama anayesoma alama za barabarani. "Mama alisema tusipige kelele, tukae tu mahali pazuri."

Bwana Unga aliketi. Akamtazama mkewe, na mkewe akakaa kulia kwake, akakunja magoti, akaanza kumenya chungwa kwa sababu mikono yake haikuwahi kujua kukaa bure. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imekaa kimya miaka yote hiyo. Ikasema sasa, bila haraka.

Alijua tangu ile asubuhi ya kunguni. Kunguni gani, katika mashuka ninayoyafua mwenyewe kwa maji ya moto? Wakubwa kwa wadogo walifahamu, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakuwahi kuliongea, hata wao kwa wao. Kitinda alifundishwa kuvuta mkono wa kulia wa baba kabla hajajua kusema sentensi nzima. Nyumba nzima ilijipanga upya kimyakimya, kitanda, meza, mkeka, na kwa vile hakuna aliyewahi kulitamka, leo hakuna aliyekumbuka kwamba mgeni haelewi. Lilikuwa kosa lao, akasema mkewe. Tulizoea mno.

"Na matembezi?" aliuliza Bwana Unga, ingawa jibu lilikuwa limeanza kumpanda kifuani.

Mkewe alicheka kidogo. Matembezi, kwani ulidhani nini. Akitoka kazini alikuwa akizunguka kwenda kupasikiliza kila mahali kabla hajawapeleka. Alikaa, akafumba macho, akatega. Kuna jenereta? Kuna barabara nyuma ya miti? Kuna kijana mwenye spika? Ile bustani ya bembea aliikataa kwa sababu ya minyororo inayolia. Zile fukwe zinazogombewa alizikataa kwa sababu mawimbi yake yanasema sana, hayampi mtu nafasi. Alitembea pwani nzima, viatu mkononi, sare ya kazini mwilini, mpaka akakipata kile kipande nyuma ya miamba, ambapo bahari imenyamaza.

"Wewe hupendi kimya," alisema Bwana Unga taratibu. Alikuwa akimkumbuka msichana aliyemwoa, aliyecheza muziki mpaka viatu vikakatika.

"Kimya kinaniudhi," alisema mkewe. "Hili bwawa lina mbu, na bata hawa hawana jipya. Ila huku ukicheka, unacheka pamoja na sisi. Nyumbani unachelewa."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huu ulimshukia Bwana Unga kifuani. Miaka yote alikuwa akishukuru bahati. Alikuwa akimshukuru Mungu kwa mahali, kwa hewa ya bwawa, kwa miamba, wakati bahati yake ilikuwa inatembea kwa miguu baada ya kazi, imechoka, inautegea upepo sikio kwa niaba yake. Alijiona mpumbavu. Alijiona pia amependwa kuliko alivyostahili, na hilo la pili lilikuwa kubwa, likalifunika la kwanza. Wala hakuna aliyekuwa akimzungumzia kana kwamba hayupo. Walikuwa wanamtazama usoni, wote, wakingoja aseme kitu.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Binti mkubwa ndiye aliyejibu. "Ile hadithi ya babu, baba. Hukuwahi kuimaliza. Tukaona siku ukitaka kusema, utasema."

Alitaka kuwashukuru na asante ikamkwama, kwa kuwa ilikuwa ndogo na wao walikuwa wengi. Akaitoa hivyohivyo. Alimshika mkewe mkono wenye maji ya chungwa akamwambia asante. Akamwambia binti yake mkubwa. Akamwambia Kitinda, ambaye aliuliza asante ya nini, akajibiwa kwamba ni ya kuvuta mkono. Machozi yalimtoka, hakuyapangusa. Mgeni njoo mwenyeji apone, watu husema, na huyu mgeni alikuwa bado ameshika viatu vyake, hajui aingie au atoke.

"Na wewe," Bwana Unga alimwambia. "Mahali pako pameshasafishwa. Kaa, uanze upya. Tangu mwanzo, nataka yote."

Fundi friji aliketi upande wa kulia. Alikohoa. Na kwa kuwa alikuwa amejifunza somo lake vizuri kupita kiasi, alijaza kifua hewa, na ile sauti yake ndogo akaitupa mbali, akalitoa ombi lake kwa nguvu kana kwamba anaita mtu juu ya paa. Wazazi wake, ufundi wake, afya yake, mapenzi yake yasiyopimika, vyote vilivuka maji. Bata waliruka. Alipofika kwenye naomba, ng'ambo ya bwawa wale waliokuwa chini ya miti waligeuka wote, na alipomaliza wakapiga makofi.

"Punguza, mwanangu," Bwana Unga alisema. "Watu wamekuja kupumzika."

Walicheka, naye akacheka, na hakuchelewa. Kisha akamgeukia binti yake mkubwa, maana yeye hakuwa gunia la mtu kwamba apimwe na kufungwa kamba, akamuuliza kama mwenyewe ameshasema.

"Nimeshasema, baba."

"Basi na mimi nimesema." Akaweka kiganja juu ya bega la kijana, akaacha kipumzike pale. "Karibu nyumbani. Na ukiwa na neno la siri, usije ukaniletea mimi tena."

Walikula mayai, wakanywa chai iliyopoa, na mara kwa mara kijana alisahau akasema kwa sauti ya paa, akakumbushwa. Jua lilipoanza kuinama wakakunja mkeka. Njia ya kurudi ilipita kandokando ya bwawa kisha ikaingia barabara nyembamba ambayo vijana wa baiskeli huipenda kwa sababu ya mteremko wake. Bwana Unga alianza kutembea, na mkewe, kama kawaida yake, akaenda kushoto.

Fundi friji alisimama. Alimtazama mama yule, akaitazama barabara nyuma yao, akaelewa jambo ambalo Bwana Unga mwenyewe alikuwa hajalielewa: mtu asiyesikia kushoto hasikii baiskeli inayomjia kushoto.

"Mama," alisema, "upande huo nipe mimi. Huko si hakuna haja ya kusema? Nitaangalia tu."

Mke wa Bwana Unga alisita. Alikuwa ameushika upande ule siku nyingi mno. Alimtazama kijana, akamtazama mumewe, kisha akazunguka nyuma, akapita mbele ya Kitinda na binti mkubwa, akaja mkono wa kulia. Alitembea kidogo kama mtu aliyeingia chumba asichokizoea.

Bwana Unga alikuwa akidhani mkewe si mtu wa maneno njiani. Alikuwa amekosea. Ilianza na msimamizi wa chumba cha kufulia anayejificha nyuma ya mashuka kusinzia. Ikaja ya daktari aliyesahau kalamu mfukoni, ikatia wino makoti yote ya wodi. Ikaja ya ndoto aliyoota, ikaja ya dada yake, ikaja ya hofu fulani aliyokuwa nayo Kitinda alipozaliwa na ambayo hakuwahi kupata pa kuisemea. Yote aliyasema polepole, karibu na sikio, na Bwana Unga aliyasikia yote. Baiskeli zilipita, na kila ilipopita moja mkono wa kijana ulimgusa kiwiko, kwa wepesi, kumsogeza kidogo.

Walipofika mlangoni kwao mkewe alikuwa bado hajafika katikati ya masimulizi yake. Kwa hiyo wakaupita mlango, wakaendelea kutembea.